Kuta za Kitambaa

Mimi ni fundi baiskeli, na kwa miaka kumi na minne nimefanya kazi baraza moja na fundi cherehani ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Futi. Jina hilo alilipata kwa sababu futi ya kupimia nguo haimtoki shingoni. Msibani anayo, shambani anayo. Siku alipolazwa kwa homa, muuguzi alimwomba aivue ili ampime, naye akajibu, "Si unipime nayo hiyo hiyo." Baraza letu ni la saruji, lina ufa katikati. Upande wangu umejaa mafuta, spoki na mipira ya ndani iliyotoboka. Upande wake umefagiwa mpaka unang'aa. Ule ufa ndio mpaka. Nikidondosha nati ikavuka, hairudishi mpaka niombe radhi.

Nayasema haya ili mjue kwamba mimi si mtu wa ugomvi wala wa kupinga mambo. Habari za Kituo zilipofika, nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kusema ndiyo.

Kituo kilikuja kwanza kama picha. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye ni mdogo wa marehemu mume wa Mama Futi, aliibandika kwenye ukuta wa nje wa ofisi yake, kando ya mlango. Lilikuwa jengo jeupe lenye paa la buluu, miti imepandwa kwa mstari, watu waliovaa vizuri wamebeba mifuko, na gari moja dogo jekundu. Chini yake paliandikwa: maduka ya jumla, maghala, vyumba vya baridi, maegesho ya malori. Jengo lingekaa bondeni, pale mto unapopinda, tunapolima mboga na kunywesha mifugo. Wenye mashamba wangehamishiwa ng'ambo ya kilima. Mwenye pingamizi alipewa siku thelathini, kisha angekuja afisa wa mipango kusikiliza na kuamua.

Tuliisogelea ile picha kwa zamu. Wifi yake Mama Futi, yaani dada mkubwa wa Mwenyekiti, ana shamba la kabichi humo humo bondeni. Aliitazama muda mrefu, mikono kiunoni.

"Mbona mimi simo?" akauliza.

"Dada, hii ni picha ya kesho," Mwenyekiti akamjibu.

"Ndiyo nauliza. Hiyo kesho, mimi nitakuwa wapi?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Kichwani nilikuwa nawaona vijana wakienda kazini kwa baiskeli, na baiskeli zao zikiharibika njiani, karibu na baraza langu.

Mama Futi hakucheka. Alikuwa ameinamia picha hadi pua inagusa karatasi, akisoma namba ndogo zilizoandikwa pembeni. Akachomoa kalamu kwenye nywele, akajiandikia kiganjani: mia sita, mia mbili hamsini, ishirini na nne.

"Shemeji, hizi ni nini?"

"Mita hizo, shemeji. Urefu, upana, na kwenda juu."

"Wewe umeziona?"

"Nimezisoma."

"Sikuuliza kama umezisoma."

Tuliporudi barazani nilimwambia asiwe mkorofi, maendeleo yamekuja yenyewe miguuni petu. Akakaa kwenye kigoda chake, akapitisha uzi kwenye tundu la sindano bila kutazama.

"Jirani, mimi sijasema sitaki. Nasema kitambaa cha mtu sikikati kabla sijampima. Mteja anakuja anakwambia, 'Mimi saizi yangu ya kawaida tu.' Ukizungusha futi, unakuta hiyo kawaida ina matumbo mawili. Haya, niambie, mita ishirini na nne ni kama nini?"

Nikafikiri. "Kama ghorofa."

"Ghorofa gani? Umewahi kuiona?"

Tukawauliza waliopita njiani, mmoja mmoja, na hakuna aliyewahi kuiona. Kijiji kizima kilikuwa kikibishana juu ya kitu ambacho hakuna aliyejua ukubwa wake, si waliokitaka wala wasiokitaka.

Yuko mzee mmoja kwetu tunamwita Nguzo. Alikuwa fundi wa nyaya za umeme, amepanda nguzo miaka thelathini na miwili, na alipostaafu aliondoka na mkanda wake na vile vyuma vya kufunga miguuni. Mama Futi alimfuata nyumbani na kamba iliyofungwa fundo kila mita. Kesho yake asubuhi tulimkuta Nguzo chini ya mkaratusi ulio nyuma ya shule. Hakuna kitu kirefu kuliko mkaratusi ule katika upeo wa macho yetu. Ndio tunaowaelekeza nao wageni.

Akapanda. Mkewe alikuwa chini akimtukana kwa mapenzi: "Panda, panda, na ukianguka usinitafute!" Kamba ikawa inamfuata kama mkia. Kila fundo likiinuka kutoka ardhini, Mama Futi alitaja namba. Kumi. Kumi na moja. Kumi na tano. Matawi yakaanza kuwa membamba, mti ukamyumbisha mzee wa watu, na majani yakatuangukia vichwani.

"Kumi na saba!" Mama Futi akapaza sauti.

"Basi!" Nguzo akajibu kutoka juu. "Zaidi ya hapa ni kwa Mungu!"

"Bado saba!"

Hakuna aliyetuambia tufanye nini, lakini sote tuliinua nyuso. Tuliupita mti, tukampita Nguzo aliyekuwa mdogo kama ndege, tukatazama juu zaidi, pale pasipokuwa na kitu. Mwewe mmoja alikuwa akizunguka. Tukawa tunakisia: labda pale alipo mwewe, labda chini yake kidogo. Watu walikuwa midomo wazi. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kutazama mahali patupu nikaushika mti ili nisianguke.

Nguzo aliposhuka alikaa chini, akavifungua vyuma polepole.

"Nguzo ya umeme ina mita tisa, kumi," akasema. "Mimi nilijua napajua juu. Kumbe nilikuwa barazani tu."

Siku ya pili yake wifi mtu alikuja barazani amebeba mashuka matatu makuukuu.

"Juu tumepaona," akasema. "Sasa wifi, tuonyeshe chini."

Mama Futi alikuwa ameshapiga hesabu. Mia sita mara mbili, mia mbili hamsini mara mbili: jumla mita elfu moja na mia saba za ukuta. Alitaka tushone utepe mweupe wa urefu huo huo, upana wa shubiri moja, tuuzungushe bondeni mahali hasa jengo litakaposimama, na katika kila mita kumi asimame mtu aushike. Watu mia moja na sabini. Afisa wa mipango akija, asionyeshwe karatasi. Aonyeshwe jengo.

"Utapata wapi kitambaa cha kuvisha bonde?" nikamuuliza.

"Wanavaa nini watu wa kijiji hiki? Karatasi?"

Vitambaa vikaja. Yalikuja mashuka, mapazia, mifuko ya unga iliyofumuliwa, mashati ya shule yaliyobana wenyewe, na vazi moja la harusi ambalo mwenye nalo alisema lishonwe tu, aliyelinunua alishamkimbia. Kijiji kina cherehani tatu: ya Mama Futi, ya mshonaji wa sokoni, na ya mke wa mwalimu mkuu. Zote tatu zikapangwa barazani kwetu. Ufa ukavukwa. Benchi langu, pampu yangu na kopo langu la grisi vikahamishiwa nje kwenye jua. Nilihamishwa barazani kwangu bila kupewa hata hizo siku thelathini za pingamizi.

Wiki mbili nzima, kuanzia jua linapopanda hadi linapoegemea, baraza lilinguruma. Wanawake walikata, wengine walinyoosha, watatu walikanyaga. Mama Futi alitaka kila kiungo kipigwe mishono miwili, kwa sababu alisema upepo wa bondeni hauna adabu. Katika kila mita kumi alishonea kipande chekundu. Sindano zilikatika. Mkanda wa cherehani ya mke wa mwalimu mkuu ulipochanika, nilikata mpira wa ndani wa baiskeli nikautengenezea mkanda mwingine, nao ukakaza vizuri kuliko ule wa kiwandani. Tangu hapo nikaacha kulalamikia jua. Utepe uliokamilika tuliuzungushia kwenye rimu zangu kuukuu, mita mia kila rimu. Ilipofika rimu ya sita nilishangaa. Ilipofika ya kumi na mbili, zimeegemezwa ukutani kama magurudumu ya treni, niliacha kushangaa nikaanza kunyamaza.

Mwenyekiti alikuwa akipita kila siku kwenda ofisini, anasalimia bila kusimama. Siku moja akasimama.

"Shemeji, mnashona sanda?"

"Tunashona jengo lako, shemeji. Karibu uketi."

Hakuketi. Alivua kofia, akaizungusha mikononi. "Watu wanadhani nimehongwa. Sikuhongwa. Vijana wanaondoka kila mwezi. Barua zao za utambulisho nani anaziandika? Mimi. Nimeandika mpaka kidole kimeota sugu. Nataka siku moja niandike barua ya mtu anayerudi."

Mama Futi aliondoa miguu kwenye cherehani.

"Hilo nalijua," akasema. "Wanangu wawili wamo katika barua hizo."

"Basi mbona unanipinga?"

"Sikupingi, shemeji. Nakupimia."

Mwenyekiti akavaa kofia, akaenda zake. Sikuona hasira katika mwendo wake.

Kupima bonde ilikuwa kazi yangu. Tulilipima gurudumu la nyuma la baiskeli yangu nyeusi: mzunguko mmoja ni mita mbili na sentimita ishirini na mbili. Nikafunga kitambaa kwenye spoki moja, ili kila kikifika chini tuhesabu moja. Urefu ungekuwa mizunguko mia mbili na sabini na robo. Upana, mia moja na kumi na mbili na nusu, na kidogo. Nilianzia kwenye kivuko cha mto, kona ya kwanza kama ilivyoonyeshwa kwenye picha. Nikasukuma baiskeli, wifi mtu kando yangu akihesabu kwa sauti, wengine nyuma na nyundo na vigingi.

Tukapita malisho. Tukapita mahali pa kunyweshea ng'ombe. Tukaingia kwenye kabichi, wifi akiinua majani kwa mkono ili gurudumu lisiyaumize, huku akiendelea kuhesabu. Mia moja na arobaini. Tukavuka daraja la magogo. Mia moja na tisini. Mabega yakaniuma. Nilikuwa nimeendesha baiskeli bondeni humo maisha yangu yote na sikuwahi kujua ni kubwa hivyo, wala kwamba lingeweza kumezwa na kitu kimoja. Mia mbili na sabini. Tukapigilia kigingi. Pembe za mraba tulizipata kwa pembetatu ya kamba ya waashi, pande zake mita tatu, nne na tano. Tukageuka kuufuata upana, na nilipofika mwisho gurudumu la mbele lilikuwa hatua thelathini kutoka madirisha ya darasa la tatu. Watoto walikuwa wakisoma kwa pamoja, tukawasikia kila neno.

Sote tulidhani bonde ni pana na Kituo kingekaa kando yake. Tulipopigilia kigingi cha nne, bonde lilikuwa limekwisha.

Siku ya afisa ikafika. Kufika saa moja na nusu asubuhi watu walikuwa wameanza kukusanyika kwenye kivuko. Hesabu yetu ilikuwa na wasiwasi, maana wapo waliokitaka Kituo na hatukuwalazimisha. Tulikuwa watu mia moja na ishirini na sita. Mama Futi alihesabu mara mbili, akaitazama njia. Ndipo tukawaona wanashuka kilimani watu wa kijiji cha jirani, ambao tumegombana nao juu ya malisho tangu enzi za babu. Walikuwa zaidi ya arobaini, wameongozana mstari mmoja.

"Tumesikia mnashika ukuta," mkubwa wao akasema. "Ugomvi wetu na nyinyi ni wa bonde hili. Likizikwa, tutagombania nini?"

Tukagawana nafasi. Mimi nilikuwa wa tisini na moja, karibu na mto unapopinda. Kushoto kwangu, wa tisini, alikuwa Nguzo. Kulia kwangu, wa tisini na mbili, alikuwa mama mzazi wa Mwenyekiti, mkwe wake Mama Futi. Ajuza huyo alikataa kiti, alikataa kivuli, alikataa kila kitu isipokuwa nafasi yake. Wa tisini na tatu hakuja. Mtoto wake aliamka na homa. Kwa hiyo yule mama alibaki na mita ishirini peke yake.

Rimu zikafunguliwa. Utepe ukapita mikononi mwetu mmoja baada ya mwingine, ukaenda, ukaenda, ukapinda kona, ukarudi, mpaka ncha mbili zikakutana kivukoni. Tukauinua hadi usawa wa kifua.

Upepo ukaingia. Sijui nieleze vipi sauti ile. Mita elfu moja na mia saba za mashuka na mashati zilianza kupiga kwa pamoja, zikanyamaza, zikapiga tena, kama kundi la ndege linalotaka kuruka na halijapewa ruhusa. Nikatazama upande wa pili, ukuta ulio mbele yangu. Watu walikuwa kama njiti za kiberiti. Nikageuza shingo kuutazama urefu, mpaka mwisho. Wa mwisho niliyemwona alikuwa mdogo kama punje ya mtama, na sikumtambua. Kijijini kwetu hakuna mtu nisiyemjua kwa mwendo, kwa bega, kwa namna anavyosimama. Siku hiyo sikumtambua jirani yangu kwa sababu ya ukubwa wa jengo lililokuwa kati yetu.

Tuliendelea kuushikilia, macho njiani.

Saa tatu gari likaja. Akashuka afisa wa mipango, mtu mzima mwenye miwani. Wakashuka mabwana wawili wa kampuni. Akashuka binti mmoja mwenye mafaili makubwa, ambaye baadaye tulijua ndiye mchoraji wa jengo. Mwenyekiti alikuwa nao, amevaa suti na viatu vimepakwa rangi. Mama Futi aliwapokea kwa heshima, akawaomba kitu kimoja tu: kabla ya kuingia darasani kulikoandaliwa viti, wapande naye kilimani. Wakaanza kupanda.

Njia ya kilimani hupita karibu na mto unapopinda. Mwenyekiti alipofika usawa wetu akamwona mama yake. Upepo ulikuwa umemzidi nguvu, utepe umemtoka upande mmoja, unaburuzika matopeni, naye anauvuta kwa mikono miwili.

"Mama, nenda ukakae kivulini."

"Kivuli kiko wapi?" mama akamjibu bila kumtazama. "Hapa nilipo ni ndani ya ghala."

Mwenyekiti alisimama. Wenzake walikuwa wametangulia. Akaingia matopeni na viatu vyake, akaokota utepe, akaukung'uta, akasimama mita kumi kutoka kwa mama yake, mahali pa yule wa tisini na tatu.

"Nakushikia kidogo tu," akasema.

"Inua. Umelegeza."

Akainua. Nguzo, ambaye hawezi kujizuia, akamwuliza, "Mwenyekiti, umehama?" Mwenyekiti alikuwa anatazama kushoto, kisha kulia, kisha mbele, kama nilivyofanya mimi. Alisimama pale zaidi ya saa mbili na hakukumbuka tena kwamba alikuwa na wageni.

Baadaye Mama Futi alituma neno kwamba tupande kumi kumi tukaone, tunaobaki tushikiliane nafasi. Nikamwachia Nguzo ncha yangu, nikapanda.

Nilipofika juu niligeuka. Chini kulikuwa na bonde letu, na juu yake palikaa kitu chenye kona nne, cheupe pembeni, kimenyooka kama kilichokatwa kwa mkasi. Humo ndani mlikuwamo vyote. Mto uliingia upande mmoja ukatoka upande wa pili. Mashamba ishirini na matatu yalikuwa ndani. Ng'ombe walikuwa ndani, na daraja la magogo, na njia tatu za kwenda kisimani, na mtu mmoja aliyekuwa akipalilia kwa sababu hakuona sababu ya kuacha. Nje ya ule mstari, kijiji kilikuwa kimebanwa pembeni kama makombo. Shule ilikuwa inagusa. Nyumba yangu niliitafuta, nikaipata. Ningeweza kuifunika kwa ukucha, nami ningeweza kuzipanga mia tano kama hiyo ndani ya jengo na bado pangebaki pa kucheza mpira. Halafu nikautazama mkaratusi na kukumbuka kwamba hizi kuta zingeupita, na nikainua macho hewani juu ya bonde lote lile, kona hadi kona, nikajaribu kuweka paa. Akili ikakataa.

Lakini kilichonitoa machozi si ukubwa. Ni wale watu. Kutoka juu kila mmoja alikuwa doa tu, ila madoa yale yalikuwa hayatikisiki, na upepo ulikuwa mkali, na utepe haukugusa ardhi mahali popote.

Yule binti mchoraji alikuwa amesimama kando yangu. Mafaili yake yalikuwa chini kwenye majani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ndiye niliyelichora."

"Umechora vizuri," nikamwambia, kwa sababu sikujua la kusema. "Kona zako zote zimekutana."

Akatikisa kichwa. "Nilikaa nalo miezi minane. Linaenea kwenye kioo cha kompyuta, nalizungusha kwa kidole. Sikujua, mzee. Naapa sikujua."

Afisa alikuwa mbele yetu na Mama Futi. Alikuwa amevua miwani, ameifuta, ameivaa, ameivua tena.

"Mama, nani aliwafundisha kupima?"

"Nguo za shule, mheshimiwa. Ukikosea kidogo kwenye karatasi, mtoto anatembea na kosa lako mwaka mzima."

Afisa akavaa miwani, akalitazama bonde. Kisha akasema, si kwa mtu yeyote hasa: "Miaka ishirini na mmoja naidhinisha majengo. Sijawahi kuliona hata moja kabla halijajengwa."

Akashuka. Hakwenda darasani. Alianza kivukoni, akauzunguka utepe wote kwa miguu, akimsalimia kila mtu, mmoja baada ya mwingine, watu mia moja na sabini. Alipofika kwa Mwenyekiti alimpa mkono na kumuuliza habari za asubuhi kama vile hawajawahi kuonana, na Mwenyekiti akajibu, "Nzuri, mheshimiwa. Ni kubwa." Basi.

Kikao chenyewe kilikuwa kifupi. Mabwana wa kampuni walisema, kwa adabu, kwamba walikuja kwa nia njema, na mimi niliwaamini. Wifi mtu aliuliza swali moja: afisa alitembea dakika ngapi ndani ya kabichi? Ndipo yule binti akanyanyuka, akasema kando ya barabara kuu ameona machimbo ya kokoto yaliyoachwa, na kwamba pale jengo la theluthi moja lingeweza kukaa bila kumhamisha mtu. "Kwenye ramani yangu yana rangi moja na bonde," akasema. "Sikuwahi kuja." Bosi wake alimkazia macho, lakini afisa alikuwa tayari anaandika.

Barua ilikuja baada ya miezi miwili. Mwenyekiti aliisoma mbele ya ofisi, amesimama chini ya mahali picha ilipokuwa: ujenzi bondeni umekataliwa, kampuni inaweza kuleta mchoro mpya wa machimboni. Nilidhani watu watapiga vigelegele. Hawakupiga. Walitawanyika taratibu, na wengi wao, bila kupatana, wakaelekea kilimani. Nami nikaenda. Tulisimama juu tukalitazama bonde. Hapakuwa na cha kuona, mto tu na kabichi, lakini tulitazama kama watu wanaotazama bahari kwa mara ya kwanza.

Kituo kidogo kilijengwa machimboni mwaka uliofuata. Sitawadanganya kwamba kila kitu kimekuwa asali: malori yanatutimulia vumbi, na wapo vijana waliokosa nafasi wanaosema lile kubwa lingewatosha wote. Labda kweli. Mmoja wa wana wa Mama Futi alirudi, anafanya kazi kwenye vyumba vya baridi. Mwingine bado yuko huko alikokwenda. Barua ya kumtambulisha kazini yule aliyerudi aliiandika Mwenyekiti mwenyewe. Alikuja nayo mpaka barazani, akamkabidhi Mama Futi kwa mikono miwili, na safari hii akaketi.